Ekzosi "inayoingia pikipiki yoyote" imenipandisha mlima wa Soni kwa miguu

Kama una pikipiki ya Yamaha DT ya zamani na muuzaji akakwambia hii ekzosi inaingia pikipiki yoyote, we toka dukani. Usibishane wala usiulize bei, toka. Mi sikutoka ndo maana mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira upya.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125 ya marehemu baba, alikuwa bwana shamba enzi zile, akaniachia. Pampu ya oili ilishafungwa miaka mingi, tunachanganya oili na petroli humo humo kwenye tanki. Sasa kuna kipindi mdogo wangu ndo alikuwa anaitumia, na yeye oili anamimina kwa kukisia, ikizidi sawa, ikipungua sawa. Pikipiki ikaanza uvivu. Ukipiga resi inaunguruma ila haiendi, kama mtu mwenye mafua unamlazimisha akimbie. Nami bila kumuuliza fundi yeyote nikajihukumia mwenyewe kwamba ekzosi imekufa, maana kwa macho ilikuwa imechoka kweli, kutu, kibonyeo pembeni, lile bati la kukinga mguu lilishadondoka nimefunga kipande cha debe kwa waya.

Tukawa Tanga mjini mimi na shemeji yangu, mdogo wake wife, kuna msiba tulienda. Tunarudi nikasema ngoja tupitie maduka ya spea. Jina la duka silitaji, sitaki kesi. Kijana akanipokea vizuri mno, "shikamoo mzee, karibu mzee, leo unaondoka hapa kijana." Nikacheka, na nilipocheka tu nikawa nimeshanasa.

Akatoa sailensa fupi, nene kama chupa ya chai, inang'aa mpaka unajiona meno. Nikaichungulia, nikaona mwanga upande wa pili. Hapo ndo nilitakiwa nishtuke, maana ile ya baba ukichungulia huoni kitu, ni giza na masizi. Nikamuuliza, hii DT inafaa kweli? Akanijibu, nakumbuka neno kwa neno, "mzee, ekzosi ni ekzosi, kazi yake kutoa moshi." Shemeji naye pembeni, "chukua bwana shemeji, hii italia." Elfu 85. Na ile ya zamani wakasema acha hapa tukupunguzie kumi, chuma chakavu tu hiyo. Nikaona wana huruma! Nikawashukuru na mkono nikawapa.

Fundi wao akakata bomba akachomelea pale pale nje, hata nusu saa haikufika. Kupiga kiki, aisee nisiwe mnafiki, ile sauti ilinifurahisha. Watu wakageuka. Tumetoka Tanga, Muheza, Hale, Segera, barabara imenyooka, tunakwenda, shemeji nyuma anapiga kelele kama mtoto. Kitu kimoja tu, tumefika Korogwe naangalia tanki, mafuta yamekwenda. Tanki moja huwa linanifikisha nyumbani na kesho yake naendea sokoni. Nikajisemea ni uzito wa watu wawili. Mtu ukishatoa hela yako unakuwa wakili wa ulichonunua.

Mombo tukakunja kulia, tukaanza kupanda. Wanaoijua ile barabara wanajua, mpaka Lushoto ni kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, ukuta huku korongo kule. DT hii nimepanda nayo na gunia la viazi nyuma. Siku hiyo kona ya kwanza nikashuka gia tatu, ya pili nikashuka gia mbili, kabla hata ya kufika Soni niko gia moja na bado inakohoa. Kelele ndo imezidi, nguvu hakuna. Yaani inalia kama inapanda mbinguni na tunapitwa na mzee anayeswaga mbuzi. Ikabidi shemeji ashuke asukume, baadae na mimi nikashuka, tunasukuma pikipiki inayounguruma, malori ya kabichi yanashuka yanatupigia honi, na akina mama wa matunda pale barabarani wanauliza "baba, imekula nini hiyo?"

Kesho yake nikampelekea mzee mmoja fundi wa huku kwetu, ambaye ndo nilitakiwa nianze naye. Hata hakuuliza. Akaiwasha, akaweka kiganja nyuma ya sailensa, akaniletea kiganja puani. "Nusa." Petroli mbichi. "Hiyo ni hela yako hiyo inatoka."

Akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto. Pikipiki hizi za kuchanganya oili, tustroki, hazina valvu ya kufunga tundu la moshi, tofauti na Boxer ambazo ni fostroki. Pistoni ikishuka tundu linabaki wazi, moshi unatoka na petroli mpya nayo inataka kutoka humo humo. Ndo maana ekzosi yake ina lile tumbo, inaanza nyembamba, inatanuka, halafu inabana tena. Sio urembo. Pale inapobana pumzi inagonga inarudi nyuma, inaisukuma ile petroli irudi kwenye silinda kabla pistoni haijafunga tundu. Ukiweka bomba lililo wazi mpaka mwisho hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo tumbo la ekzosi ni sehemu ya injini, na mimi nimeliuza elfu kumi.

Halafu akaniuliza swali lililoniua kabisa. "Ile ya zamani ulizibua?" Kuzibua vipi? Kumbe oili ikizidi inaganda humo ndani, inakuwa mkaa mtupu, njia inaziba. Unaifungua, unaichoma moto ndani mpaka mkaa unalegea, unagonga gonga, unakung'uta, basi. Kazi ya mchana mmoja. Haikuwa imekufa.

Nikapanda basi kurudi Tanga. Siendi kudai hela jamani, naenda kuomba ile yangu tu, nirudishe na hiyo elfu kumi yao. Kijana yule yule, safari hii hakuna shikamoo. Akaniambia, tena bila aibu, "ile iliondoka siku ile ile mzee, kuna jamaa wa Pangani alikuwa anaitafuta siku nyingi, ekzosi za DT hazipatikani." Nikamuuliza mmeiuza bei gani, akakohoa. Chuma chakavu kikaondoka siku ile ile! Maana yake wakati ananiambia ekzosi ni ekzosi anajua fika kwamba sio ekzosi tu. Na mwenzake pale ndani, hata kichwa hakuinua kwenye simu, "si ile ya makumbusho? Bado anahangaika nayo?"

Kwa hiyo duka lile, hapana. Sailensa yenyewe ni takataka. Au basi nisiseme takataka, kosa lake nini, imetengenezwa kwa pikipiki nyingine. Na kosa langu lipo, nilinunua kwa masikio. Lakini mbona nilimuuliza? Nilimuuliza kabisa hii DT inafaa, angesema sijui ningemuelewa. Hapana, sijilaumu, wale ni wezi wenye meno meupe.

Yule mzee fundi akanitafutia ekzosi kwenye DT moja iliyokufa huko Korogwe, ina tundu la kutu unapitisha kidole. Akaikata tumboni, akatoa mkaa wa kujaza kopo la rangi, akaichoma, akaiziba tundu akachomelea. Ukiiangalia ni mbaya kuliko ile niliyoacha. Jumapili nikapanda nayo kutoka Mombo na mke nyuma, gia mbili na tatu, haijasumbua. Ukiwa na DT ukapata orijino yenye kutu na kopi inayong'aa, chukua yenye kutu kwanza izibuliwe. Na oili pima.

Ile inayong'aa shemeji akaniomba. Nikamuuzia elfu 40, akaifunga kwenye Boxer yake. Nilitegemea nayo imgomee, nikae nimcheke. Haikugoma. Kila asubuhi anapita hapa nyumbani saa kumi na mbili, anapiga resi makusudi getini, mbwa yule, na inalia vizuri.