Siku nne Lisbon na mama mwenye magoti mabovu: uzoefu wangu

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vilima, foleni, na jamaa mmoja aliyetia mkono kwenye mkoba wa mamangu.

Mama alikuja kunitembelea Ujerumani Mei 2024, kwa viza ya Schengen tuliyoisotea miezi. Viza hiyo ikishakubaliwa inakupitisha nchi nyingine za mkataba huo pia, basi nikamwambia achague mji mmoja twende tukapumzike: Paris, Roma au Lisbon. Hakuuliza bei wala hoteli. Aliuliza upi una bahari. Kusema kweli Lisbon, mji mkuu wa Ureno, iko kandokando ya mto, Tejo, karibu na pale unapomwagikia Atlantiki, lakini mto wenyewe ni mpana hata ng'ambo huioni vizuri kukiwa na ukungu. Mamangu ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Alipouona alisema, "Hii ni bahari, usinidanganye," tukayaacha hapo.

Mambo ya nauli niyamalize haraka. Metro inaanzia uwanja wa ndege wenyewe, laini nyekundu, teksi haina haja. Nunua kadi ya Navegante, ni nusu euro, na kila mtu awe na yake maana hampiti wawili kwa kadi moja. Sisi tulitia pesa ndani badala ya kununua tiketi ya siku, ikatufaa metro, basi, tramu na hata feri. Hoteli zinatoza kodi ya mji juu ya bei ya chumba: wakati wetu ilikuwa euro 2 kwa kila mtu kwa usiku, na tangu Septemba 2024 ni euro 4. Na viatu! Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vya mapambo, vizuri kwa picha, ila vimesuguliwa na nyayo hadi vinateleza kama sahani ya mafuta. Champali ziache nyumbani.

Siku ya kwanza tulifanya kosa la kila mgeni: tulikwenda Martim Moniz kupanda tramu namba 28. Ndiyo ile ya manjano, ya miaka ya 1930, iliyo kwenye kila kadi ya posta. Tulisimama foleni saa nzima juani. Ilipofika tukaingia kama dagaa kwenye kikapu, mama akapata kiti kwa huruma ya kijana mmoja, mimi nikaning'inia. Hapo ndipo mkono wa mtu ulipoonekana kwenye zipu ya mkoba. Mama aliupiga kofi bila hata kugeuka, akaendelea kutazama dirishani. Anasema matatu za Mombasa zimemfunza. Safari yenyewe, nikiacha hayo, inapita vichochoro vyembamba kiasi cha kuweza kugusa ukuta wa nyumba ya mtu. Lakini siwezi kumshauri mtu asimame saa nzima kwa hiyo.

Panda namba 24. Behewa ni za zamani vilevile, kelele ileile ya vyuma kwenye kona, ila watu ni wachache na viti vipo. Tuliipandia uwanja wa Camões tukashuka Príncipe Real, na hapo ndipo safari yetu ilipogeuka.

Pale kuna bustani yenye mti mmoja wa ajabu, wenyeji huuita mwerezi, matawi yametandazwa juu ya fremu ya chuma kama mwavuli, watu wanakaa chini yake. Wazee wanne walikuwa wanacheza karata. Mmoja akapiga karata mezani akasema, "Copas!" Mama akasimama.

"Umesikia? Kasema kopa."

Nikamwambia amesikia vibaya. Mara mwingine akataja "ouros", na wa tatu "espadas". Mama akanigeukia. Kopa, uru, shupaza. Ametamka majina haya ya karata maisha yake yote barazani kwa babu, hakuna aliyemwambia yametoka wapi. Tukasogea. Mchezo wenyewe unaitwa sueca: watu wanne, wawili kwa wawili, pointi zote ni 120, anayefika 61 ameshinda. Nikamtazama mama, mama akanitazama. Wahedusitini, mchezo wetu wa karata! Jina lenyewe linasema sitini na moja. Saba inaua mfalme, sawa na kwetu. Mfalme ana pointi 4, na ndiyo maana wazee wetu walimwita mzungu wa nne. Nilidhani ni mzaha tu. Mzee mmoja alipoona mama anatikisa kichwa kila karata mbaya ikitupwa, alimvutia kiti. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mama alicheza raundi tatu na akashinda mbili, na mimi nilikwenda kununua maji mara mbili kwa kukosa kazi. Hakuna tiketi niliyoinunua Lisbon iliyofikia saa ile, na ilikuwa bure.

Tangu hapo akawa anawinda maneno ya Kiswahili yaliyotoka Kireno. Meza, bendera, leso, limau, foronya, kasha. Foronya ilimchekesha zaidi: mhudumu wa hoteli alikuwa anabadilisha matandiko akaitaja kwa Kireno, fronha, mama akamjibu, "Ndiyo, foronya, leta mbili." Zikaletwa mbili.

Siku ya pili ilikuwa Belém, magharibi ya mji. Msiende Jumatatu, monasteri ya Jerónimos hufungwa. Ua wake wa ndani una tiketi, na foleni yake ni ndefu, ila kanisa lililoshikana nayo ni bure na foleni yake hutembea. Nguzo zimechongwa kamba na mimea ya baharini mpaka darini. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, chini ya mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu ya gharama ililipwa kwa ushuru wa biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Karibu na mlango kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, mifupa ikarudishwa Ureno baadaye, na humu ililetwa mwaka 1880. Juu ya kaburi yuko yeye mwenyewe wa jiwe, kalala chali, viganja vimekutana kifuani kama anaomba.

"Ndiye huyu wa nguzo ya Malindi?" mama aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona kakunja mikono kama mtu mwema?"

Sikuwa na jibu. Huyu alipita Mombasa Aprili 1498, wenyeji hawakumtaka, akaenda Malindi akapokewa. Miaka saba baadaye, 1505, meli za Francisco de Almeida zilifika Kilwa, kisha Mombasa, na miji yote miwili iliporwa. Mombasa ikatiwa moto. Hapo hapo huku Belém mafundi walikuwa wanachonga nguzo hizi. Ukitoka kanisani ukavuka barabara kuna mnara mkubwa wa wavumbuzi, ulijengwa 1960, wamepangwa kama wako juu ya gubeti la jahazi. Mnara ni mzuri, siukatai. Ila mtu wa Pwani anasimama mbele yake na hesabu yake mwenyewe kichwani, na pale sikuona mahali popote ilipoandikwa. Mwenye watoto awasimulie mwenyewe.

Hatua chache kutoka hapo kuna duka la Pastéis de Belém, linalooka vikeki vya maziwa na mayai tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaochukua mkononi. Ndani kuna vyumba na meza tele, ingia ukae. Huja vya moto, unanyunyizia mdalasini mwenyewe. Mimi nilikula vinne. Mama alikula viwili akatoa hukumu: "Kitamu, ila kimekosa iliki." Alisema hivyo kuhusu kila kitu, hata supu.

Kwa chakula cha halali, tembea vichochoro vya nyuma ya Martim Moniz, hasa Rua do Benformoso, Wabangladeshi na Wapakistani wamejaa. Ijumaa unaweza kuswali Msikiti Mkuu karibu na Praça de Espanha, uliofunguliwa 1985. Wengi wa waanzilishi wa jumuiya yake walitoka Msumbiji. Sambusa utazikuta kwenye mikahawa ya kawaida kabisa, wao huziita chamuças. Keki na mikate uliza kwanza, maana baadhi hutiwa mafuta ya nguruwe. Samaki wa kuchoma ndiye salama yako. Na kama umekulia kwenye harufu ya papa mkavu, ingia duka lolote linalouza bacalhau: samaki wa cod wa chumvi, wakavu, wamepangwa kama mbao. Mama alivuta pumzi akasema, "Marikiti."

Onyo moja la mezani. Ukikaa tu utaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi. Ukigusa utalipa, usipogusa mwambie aondoe na hudaiwi. Mgahawa mmoja, sitautaja, ulituandikia vyote ilhali hatukuvigusa; nilipoonyesha kidole vilifutwa haraka mno, kana kwamba walikuwa wanangoja kuona kama tutasoma risiti.

Alfama ndiyo mtaa tulioupenda zaidi. Ni wa kale, ulikuwepo kabla ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lililoangusha mji asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote wakati mishumaa imewashwa makanisani, kisha likaja wimbi la bahari, kisha moto wa siku kadhaa. Sehemu ya chini, Baixa, ilijengwa upya kwa mistari iliyonyooka. Alfama haikunyooka. Jina linatoka Kiarabu, la chemchemi za maji moto, mzizi mmoja na hamamu yetu. Nguo zinaning'inia juu ya kichwa, vibibi wamekaa mlangoni wanajua nani kapita na nani. Mama aliamkia kila mmoja. Vilima ndivyo vilivyomshinda. Tulipanda basi dogo la 737 hadi karibu na ngome ya São Jorge, halafu tukateremka kwa miguu polepole. Fanyeni hivyo: mjini Lisbon siku zote panda kwa gari, shuka kwa miguu.

Usiku tulikwenda kusikia fado, nyimbo za huzuni za Wareno, mkahawa mdogo, meza nane hivi. Mimi nilieleza kwamba ni kama taarab, na hilo lilikuwa kosa langu. Taa zikapunguzwa, gitaa ya nyuzi 12 ikaanza kulia, mama mmoja mnene akasimama amejifunga mtandio mweusi, akafumba macho. Sauti ilitoka kifuani. Hatukuelewa neno, na mama tayari anafuta machozi. Sasa, kwenye taarab ukiguswa unafanya nini? Mama akainuka na noti ya euro 5 juu, mwendo wa madaha, anakwenda kumtuza. Ukumbi mzima ukamzomea kwa "shhh". Kwenye fado hata kijiko hakilii. Nilimrudisha kitini nikiwa nimeiva kwa aibu. Wimbo ulipokwisha mwimbaji alikuja mwenyewe mezani, nikajieleza kwa Kiingereza changu kibovu kwamba kwetu ndiyo heshima. Aliicheka sana, akaipokea ile noti, akaibana kifuani pale pale kama Mswahili wa Kibokoni.

Siku ya nne tulipanga kwenda Sintra, mji wa jirani wenye makasri, tukaacha. Magoti yalikuwa yamegoma. Tukachukua feri kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, dakika kumi, chini ya euro 2. Mama alishangaa kulipishwa, maana Likoni mtu wa miguu havuki kwa pesa. Alishangaa zaidi kuona watu wamekaa, kila mtu na kiti chake, hakuna anayekimbia mlango ukifunguliwa. "Feri ya wagonjwa," akasema. Lakini alisimama ukingoni safari nzima, upepo unampiga, daraja jekundu la 25 de Abril upande mmoja na mji mweupe unapanda vilima upande wa pili. Tulivuka, tukala samaki, tukarudi, halafu akaomba tuvuke tena. Picha nzuri za mji mzima tulizipata hapo. Ile lifti ya chuma ya Santa Justa, ya 1902, sikuona sababu ya kuipangia foleni. Ukitaka kwenda juu yake, zunguka nyuma hadi magofu ya Carmo, ile kanisa iliyobaki bila paa tangu tetemeko. Na magofu yenyewe ndiyo ya kutazamwa, mbingu ikiwa dari.

Soko la vitu vikuukuu, Feira da Ladra, hufanyika Jumanne na Jumamosi. Vigae vya zamani vilivyobanduliwa msinunue, vingine vimeibwa kwenye kuta za nyumba za watu. Mama alinunua pakiti ya karata zilizotumika, euro moja, zikakosa shupaza ya saba. Amekataa zitupwe. Ziko Mombasa ndani ya kasha lake, pamoja na kadi ya Navegante ambayo bado ina pesa ya kuvukia mara moja.