Utepe wa sponji wa kuziba dari ya jipsamu: nyota moja, nyingine tutaona

Nyota moja, na hiyo ni kwa vile sifuri haipo. Nazungumzia utepe wa sponji wenye gundi upande mmoja, unaobandikwa kwenye mbao za dari kabla ya kupandisha jipsamu. Utepe wenyewe sina ugomvi nao. Huku Mtwara juu ya jipsamu kuna joto la bati, vumbi, mavi ya popo na hewa nzito ya bahari. Ukiwasha AC, hewa hiyo inapenya kwenye nyufa, ikikutana na jipsamu ya baridi inageuka maji. Ndiyo maana kuvu nyeusi huanzia pembeni mwa ukuta na kwenye taa, katikati baadaye sana.

Ugomvi wangu ni duka. Niliomba utepe wa vitundu vilivyofungwa, usionyonya maji. Kijana akatupa roli za kijivu juu ya kaunta: "Mzee, sponji ni sponji, wenzio wanachukua hawaulizi." Akarudi kwenye simu yake. Masika ilipokolea gundi ikaachia, sponji ikawa imelowa chepechepe na kingo za jipsamu zimevimba. Kumpelekea kipande, anacheka! "Hiyo siyo ya maji, mzee." Sasa pwani hii yote unauza sponji ya wapi, ya Dodoma?

Kuitambua ni rahisi, ndiyo maana nina hasira. Kata kipande cha urefu wa kidole, kizamishe kwenye kikombe cha maji, ukiminye na kukiachia humohumo, kisha kitoe ukikamue. Kikimwaga maji kama dodoki, mrudishie. Kinachofaa kinabaki chepesi na kinaelea. Tena ile inayonyonya hata hewa haizuii: weka mdomo upulize, pumzi inatokea upande wa pili.

Mafundi nao wasijifiche hapa. Wengi wanabandika mstari mmoja tu, chini ya mbao ya pembeni inapogusa jipsamu. Nyuma ya mbao hiyo plasta ina mabonde, na hewa inazunguka hapo kama hamkufanya kitu. Inatakiwa mistari miwili: kati ya mbao na ukuta, na kati ya mbao na jipsamu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 15, kwa hiyo utepe ni mita 30. Roli za mita 10 nunua nne, kwenye kona unapotea. Futa vumbi la msumeno kwanza. Usiuvute unapobandika, kwa sababu unarudi na kuacha kona wazi. Ongezea pini za stepla, gundi peke yake kwenye joto la bati haiaminiki.

Unene: ukikazwa ubaki kama nusu. Wa milimita 6 hauzibi bonde la milimita 10, hapo tumia silikoni au povu la kopo. Mnene na mgumu sana nao ni balaa, unaisukuma jipsamu ya milimita 9 mpaka kichwa cha skrubu kinatoboa karatasi, na hapo skrubu haishiki tena.

Ila nisidhulumu. Chumba kilichowekwa ule mweusi wa mpira, wa duka jingine, nimekipima kwa udi: madirisha yamefungwa, feni ya kutoa hewa ya choo cha ndani inawaka, udi unapitishwa taratibu kandokando ya dari. Moshi umepanda wima kila kona. Kwenye chumba cha kijivu ulipeperushwa hovyo. Basi mweusi naupa nne. Hapana, tatu: tundu la taa, ndoano ya feni na bomba la AC hauvigusi, vyote ni silikoni upya, na hakuna muuzaji anayekwambia.

Wa kijivu nilitaka kuuachia ile moja, maana kwa mlango usiogongwa na mvua unafaa. Lakini nikikumbuka kile kicheko, naifuta.