Unanunua kigari cha amfibia? Inama uangalie beringi kabla ya injini

Msimu huu wa mvua nimeletewa malalamiko matatu, mawili ya Uvinza na moja la Kaliua, na yote yamezaliwa tumbo moja. Kigari cha amfibia, yaani kile kidogo cha magurudumu sita au manane kinachotembea nchi kavu na kuelea majini, kilifika kinang'aa, injini inaunguruma vizuri, mwezi wa kwanza kikavuka mbuga bila shida. Kisha gurudumu moja likaanza kulia kama bawaba kavu, na siku moja likaganda katikati ya mafunjo. Injini zilikuwa nzima hadi dakika ya mwisho. Kilichokufa ni beringi za shafti, kitu ambacho hakuna muuzaji anayekitaja na hakuna mnunuzi anayekiuliza.

Kwa hiyo nguvu za farasi, taa na rangi mtaulizana wenyewe. Mimi naanzia chini.

Kigari cha magurudumu sita kina shafti fupi sita, na kila shafti inashikwa na beringi mbili, ya ndani na ya nje. Hizo ni 12. Cha magurudumu manane kina 16. Kikiwa kinaelea, zote ziko chini ya usawa wa maji. Sasa fikiria umetoka Nguruka ukakimbia nusu saa kwenye vumbi: nyumba ya beringi imepata joto, hewa iliyomo imetanuka. Ukiingia majini hewa inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie na grisi isitoke. Kama mle ndani pamejaa grisi, maji hayana pa kukaa. Kama grisi ni ile ya kupakwa tu kiwandani, maji yanabaki humo na kutu inaanza kazi usiku huohuo.

Adui wa pili ni nyuzi. Vipande vya nyavu za plastiki vilivyotupwa, pamoja na nyasi ndefu za Malagarasi, hujisokota kwenye shafti kati ya gurudumu na bodi. Uzi mwembamba ukizunguka pale kwa saa moja hukata mdomo wa sili kama wembe. Kila ukitoka majini, toa uzi kwa kisu kabla hujawasha tena.

Kigari kilichotumika kipime hivi. Kiendeshe dakika 20, simama, kisha gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi yake inakufa. Usitegemee kulizungusha gurudumu kwa mkono ili usikilize, kwa sababu magurudumu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa cheni, ukizungusha moja yanazunguka yote. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, hesabu beringi mbili na sili zake. Halafu pampu grisi kidogo uangalie inayotoka. Nyeusi ni ya zamani tu. Nyeupe kama uji wa maziwa imeingia maji. Yenye rangi ya matofali, ondoka, maana hapo hata shafti imekwishaliwa, na shafti iliyoliwa huimalizi kwa beringi mpya. Itabidi imwendee fundi wa kukereza, au usubiri mpya kutoka nje.

Kama kigari hakina matundu ya kupigia grisi kwenye shafti zote, usikinunue, hata kama kinauzwa kwa bei ya pikipiki. Kikiwa nayo, piga grisi siku ileile uliyoingia majini, kwa pampu ya mkono, polepole. Pampu ya upepo inasukuma sili nje. Tumia grisi isiyooshwa na maji, na usichanganye aina mbili.

Sasa orodha yangu, na sifichi upande niliopo.

Wa kwanza ni Argo. Zinatengenezwa Kanada na Ontario Drive & Gear, ambao walitoa ya kwanza mwaka 1967, na kwa mashine inayokula beringi kama hii, umri wa kampuni una maana: vitabu vya mafundi vipo, na namba za spea za mashine za zamani bado zinaagizika. Kwa Kigoma na Tabora nachagua ya magurudumu manane. Ya sita hubeba watu wanne nchi kavu lakini wawili tu majini. Ya manane sita nchi kavu, wanne majini. Hiyo tofauti ya majini ndiyo inayosahauliwa. Mtu ananunua ya sita, anapakia wanne na magunia mawili ya mchele, anaingia Mto Malagarasi, halafu anashangaa maji yanapanda ukingoni.

Wa pili ni Max, ya Buffalo, Marekani. Ndogo, nyepesi, inageuka mahali padogo, inafaa mtu mmoja au wawili kwenye misitu ya miombo. Utakazokutana nazo nyingi zimetumika, kwa hiyo kipimo cha grisi hapo juu ndicho kila kitu.

Sherp naitaja kwa sababu kila mtu ameiona kwenye video. Zile za mwanzo zina injini ya dizeli ya Kubota, matairi yanayojazwa kwa moshi wa ekzosi, uzito wa tani 1.3. Mashine ya ajabu, lakini si kigari kidogo, na ikikwama Ugalla huna cha kuivutia. (Na Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Kuelea si kibali.)

Za bei rahisi zisizo na jina linaloeleweka: kama muuzaji hana namba ya beringi, huna kigari, una mtumbwi wenye matairi.

Cheni nazo zina kisa chao. Cheni ya bodaboda ya 428 haiingii: hatua yake, yaani umbali wa pini hadi pini, ni milimita 12.7, wakati cheni za vigari hivi, namba 50 ni 15.875 na namba 60 ni 19.05. Fundi atakayekuambia "tutalazimisha" anakuulia sproketi. Ikilegea sana inapiga sakafu na mwisho inaitoboa.

Matairi ndiyo springi zake, hakuna nyingine. Upepo ni mdogo mno, kwa kawaida kati ya psi 2 na 5, na geji ya mtu wa pancha haisomi chini huko. Ukimwachia atajaza kama Noah, nawe utarukaruka hadi Urambo. Nunua geji ya upepo mdogo. Majini matairi hayohayo ndiyo kasia, yanakupa kilomita nne au tano kwa saa, kwa hiyo mto uliofurika unakushinda, na Ziwa Tanganyika likichafuka si mahali pako. Viboko hawangoji.

Niseme na wauzaji. Tangazo linaandikwa "inaogelea", bila kilo kinazobeba majini, bila saa ambazo injini imefanya kazi. Bei inatajwa kwa dola, na kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ukiuliza kwa shilingi unapewa namba, ukirudi kesho imepanda. Spea zinaahidiwa "wiki mbili", na wiki mbili za Dar zikifika Kigoma ni masika nzima.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, dai hivi viwekwe kwenye gari lilelile litakalokuletea kigari: beringi nne, sili nane, mita moja ya cheni na viungo vyake vya kuunganishia, na vizibo viwili vya kutolea maji ya ndani, kwa sababu kimoja kitapotea. Omba pia sakafu ifunguliwe mbele yako. Akikataa kwa kisingizio kwamba rangi itachubuka, mwonyeshe mkwaruzo wowote kwenye bodi: hiyo ni plastiki, rangi imeingia hadi ndani.