Feni ya bomba ya inchi 6 kwa chumba cha mimea: isome hii kabla hujakimbilia AC

Kila anayeotesha mboga ndani chini ya taa akiona kipimajoto kimegonga 33 kitu cha kwanza anawaza ni AC. Mi nasema subiri kwanza. Hii feni ya kuvuta hewa ya bomba, ile ya duara inayokaa katikati ya paipu, nimeitumia kwenye chumba changu cha letasi na mrehani na kiukweli imefanya kazi ambayo wengi wanadhani mpaka uwe na AC, ila ina mpaka wake na huo muuzaji hakwambii.

Kwanza tuelewane joto linatoka wapi. Ukiwasha taa ya wati 300 ni kama umewasha hita ya wati 300, hata kama ni LED, maana mwanga wenyewe ukishapiga majani na kuta unageuka kuwa joto, mmea unakula sehemu ndogo sana. LED faida yake ni kwamba unapata mwanga ule ule kwa wati chache, basi. Sasa hilo joto lisipopata pa kutokea linajaa tu humo ndani, na letasi ikikaa kwenye joto zaidi ya 27 hivi inaanza kurefuka shina, majani yanakuwa machungu, inakimbilia kutoa maua. Hapo umeshapoteza.

Feni yenyewe: kwenye boksi za saizi hii utakuta wameandika kama mita za ujazo 600 na kitu kwa saa. Hiyo namba ni ya feni ikiwa wazi bila paipu, ukifunga paipu la kukunja lenye kona mbili na chujio la mkaa inashuka sana, kwahiyo usinunue kwa kuangalia namba ya boksi peke yake. Hesabu ninayotumia ni rahisi: wati za taa zidisha kwa 3, gawanya kwa nyuzi unazokubali chumba kizidi hewa inayoingia. Taa ya wati 300 na unataka tofauti isizidi nyuzi 3, unahitaji mita za ujazo kama 300 kwa saa, yani hizo ziwe zinapita kweli, sio za kwenye karatasi. Ndio maana nasema chukua inchi 6 hata kama ya inchi 4 ni bei rahisi, maana kubwa unaiendesha taratibu na kelele inapungua, ndogo utaiendesha mpaka mwisho inapiga mluzi usiku kucha na bado haitoshi.

Namna ya kuifunga ndio kila kitu jamani. Feni iwe juu kabisa karibu na dari maana hewa ya moto inapanda, tundu la kuingizia hewa liwe chini upande wa pili, na liwe kubwa kuliko la kutolea, hata mara mbili, la sivyo feni inahangaika kuvuta na hewa haiji. Paipu livutwe linyooke, likiwa limelegea na mikunjo ndani hewa inasuguana na nguvu inaishia humo. Na hewa ya moto itoke nje ya nyumba kabisa, kuna watu wanaitolea koridoni alafu inarudi kwa mlango wanalaumu feni.

Sasa mpaka wake. Feni haiwezi kushusha joto chini ya hewa inayoingia, haiwezekani kabisa. Huko unakovuta hewa kukiwa na 32, ndani utapata 32 na ushee. Kabla hujalipia ubaridi, badilisha ratiba ya taa: ziwake jioni zizime asubuhi, mmea haujui saa ya ukutani, unachohitaji ni masaa yake ya mwanga na ya giza, na usiku hewa unayovuta ni ya baridi bure. Taima ya ukutani inatosha. Kama taa yako ina draiva (kile kiboksi kinachoilisha taa umeme) inayochomoka itoe nje ya chumba, hilo nalo joto limepungua. Wanaootesha mizizi ikiwa kwenye maji bila udongo wasisahau tangi, mizizi inataka maji ya nyuzi 18 mpaka 22, yakipita 25 oksijeni inapungua na mizizi inaanza kuoza, chupa za maji zilizogandishwa ukizibadilisha zinasaidia kwa tangi dogo.

Zile feni za maji (air cooler) zinazouzwa kama AC ya bei poa sizishauri kwa chumba kilichofungwa. Zinapooza kwa kuvukiza maji, unyevu unapanda, ukishapanda sana hazipoozi tena na ukungu unaingia kwenye majani. Kwenye hewa kavu ikiwekwa pale hewa inapoingilia, huku feni inatoa, hapo sawa.

Malalamiko yangu kwa feni hii ni mawili. Klampu zilizokuja nayo ni laini mno, nunua zingine za chuma. Na ile swichi ya spidi ina hatua tatu tu, haina themostati, kwahiyo taa zikizima wakati nje kuna baridi inaendelea kuvuta vile vile na miche inapigwa ubaridi, inabidi uiongezee kidhibiti chenye kipimajoto. Mota yenyewe sina tatizo nayo, ukiining'iniza kwa kamba badala ya kuipigilia kwenye mbao mtetemo hausikiki chumba cha pili. Nyota nne kati ya tano.