Bastola za .44 na .500: wenye nazo wanasemaje, na mkono wangu unasemaje

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo nipo nje kidogo ya Boise, Idaho, upepo unapiga kwahiyo mtanisamehe sauti, na hili dude hapa mezani ndo lile mmeniulizia kwenye komenti wiki ya tatu sasa. Kwanza halina risasi, ngoja niwaonyeshe, silinda nje, matundu sita, mwanga unapita yote sita, mmeona eeh. Haya.

Hii ni Ruger Super Redhawk, bastola ya silinda, kaliba (yani unene wa risasi) ni .44 Magnum, mtutu wa inchi saba na nusu, uzito kilo moja na nusu bila risasi. Nimeichukua mtumba miaka miwili iliyopita, dola 950, mwenyewe wa kwanza alikuwa kaipiga kidogo sana na sababu yake mtaijua sasa hivi. Swali mnalouliza wengi ni moja tu, bro nichukue .44 au nipande moja kwa moja .500, ile nene zaidi? Jibu nalitoa sasa hivi usije ukaondoka kabla sijafika, chukua .44, tena ile nzito, na hela inayobaki nunua risasi. Sasa tubishane.

Nina mshkaji wangu Mkongo wa Bukavu, tunafanya nae kazi, huyu aliingia dukani akaiona Smith & Wesson ya .500, ile ya mtutu mrefu, kilo mbili na ushee, akasema hii hii. Nilimwambia kaka anza na ndogo, wapi. Hiyo kitu ilitoka 2003 na inabeba risasi tano tu, kwasababu risasi yenyewe ni nene milimita 12.7, wangesema waweke sita silinda ingekuwa kama sufuria ya ubwabwa. Siku ya kwanza renji, yani uwanja wa shabaha, kapiga tano, anacheka, anatetemeka mikono, anacheka tena. Siku ya pili kapiga mbili. Siku ya tatu kaniambia leo kiganja kinauma hebu piga wewe, nikapiga nne, na ya nne nilifumba macho kabla haijalia, nakiri mbele yenu. Ile boksi ya risasi ishirini aliyonunua nayo mpaka leo ina tisa. Na kila moja ni zaidi ya dola tatu, kwahiyo hata mfuko unapigwa teke.

Lakini hajutii, hilo niwe mkweli, ukimwambia auze anakasirika. Anasema kila mgeni akija nyumbani anaomba kuishika, anaitoa, anahakikisha haina kitu, watu wanapiga picha, wanaenda kula. Sasa hiyo nayo ni matumizi, siwezi kubisha, ila wewe unayeniuliza ujue unanunua bastola au unanunua kitu cha kuonyesha wageni.

Kwenye .500 kuna jambo moja serious naomba msiruke. Mtu mgeni akifyatua, teke linavyorudi mkono unapanda juu, anajikaza kuishika, kidole kinakandamiza triga tena bila yeye kujua, risasi ya pili inatoka mtutu ukiwa unaangalia angani au unamwangalia yeye mwenyewe. Sio hadithi ya vijiweni, wanaozijua hizi wanalijua hilo vizuri. Ndomana mtu akiishika mara ya kwanza unamwekea risasi MOJA. Moja. Matundu mengine matupu. Akizoea ndo unaongeza, na akikwambia unamdharau mwambie ndio.

Sogea hapa na kamera, ngoja nifokasi. Mnaona hapa mbele ya silinda, kati yake na mtutu kuna kinafasi chembamba, hata kucha haiingii. Hapo ndo gesi ya moto inatoka pembeni kila ukifyatua. Wiki iliyopita nililaza kipande cha karatasi ya A4 juu yake nikapiga magnum moja, hiki hapa, angalia, pameliwa kama panya kapita na pembeni peusi. Sasa wengi wenu mmezoea bastola za kawaida za mm 9, zile mkono wa kushoto unaupeleka mbele huko, ukifanya hivyo kwenye hizi, hasa .500, kidole gumba kinaweza kwenda. Mikono yote miwili inakaa nyuma ya silinda, kwenye mpini, basi.

Haya sasa .44 yenyewe. Hii kaliba imetoka hapahapa kwetu Idaho kwa namna fulani, kulikuwa na mzee anaitwa Elmer Keith, mfugaji wa kule Salmon, mwandishi wa mambo ya silaha, huyu alikuwa anazijaza risasi baruti mpaka anapasua bastola za .45, akahamia .44 Special, risasi ya zamani kabla ya Magnum, kwasababu tundu lake ni dogo kwahiyo kuta za silinda zinabaki nene. Kawapigia kelele viwanda miaka na miaka, mwisho Smith & Wesson na Remington wakakubali, katikati ya miaka ya 50 ikatoka .44 Magnum. Risasi ya kawaida ina grein 240, yani gramu 15 na nusu hivi, mara mbili ya ile ya mm 9, na inatoka kwa kasi kuliko nyingi za mm 9. Kwahiyo sio kitoto, msije mkadhani nimewaambia mchukue toi.

Uzuri wake, na hapa ndo wenye nazo karibu wote wanakubaliana, inakula pia .44 Special. Teke dogo, unapiga hamsini unarudi nyumbani unashika usukani vizuri. Mimi kwa kumi ninazopiga, nane ni Special. Kasoro yake naionyesha, chungulia ndani ya tundu hili, mnaona kapete keusi? Special ni fupi kwa milimita kama tatu, uchafu unajenga pale inapoishia, halafu ukija kuweka Magnum inaingia kwa shida na ganda linagoma kutoka. Mwezi wa kwanza nilipigana na maganda mpaka nikatumia kijiti cha mbao, nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe brashi ya shaba tu na mafuta, dakika tano.

Sasa uzito. Dukani kila mtu akiishika hii anasema mbona nzito hivi, anairudisha, anachukua nyepesi. Kuna mzee mmoja hapa renji ana Smith ya 329PD, .44 Magnum hiyohiyo, ila ina gramu 700 na kidogo, fremu ya skandiamu silinda ya titaniamu, unaivaa kiunoni siku nzima unasahau. Nilimuuliza unaipigaje, akasema mwanangu hii inabebwa sana, inapigwa kidogo. Mara moja kwa mwezi, risasi sita, anaenda zake. Na zile nyepesi zina tabia nyingine, teke linavuta zile risasi ambazo bado hazijapigwa, kichwa kinachomoka taratibu kwenye ganda mpaka kinagusa mbele na silinda inakwama. Huo uzito mnaoulalamikia ndo unakula teke kwa niaba yenu.

Ya dubu. Ndio, wengi huku wanasema wamenunua kwa ajili ya dubu, na kule mashariki, Island Park, karibu na Yellowstone, dubu wale wakubwa wapo kweli. Mimi nikienda kuvua samaki nabeba sprei ya pilipili kifuani, na hii ikiwa kwenye ala. Sprei haihitaji shabaha ya maana, wewe unayefumba macho kwenye risasi ya nne utampata wapi dubu anayekimbia? Na ukiingia ndani ya hifadhi ya Yellowstone, tangu 2010 kubeba unaruhusiwa kwa kufuata sheria za jimbo, kufyatua bado ni marufuku.

Kununua haraka haraka. Dukani bastola ni kuanzia miaka 21, unajaza fomu 4473, wanakukagua kwenye mfumo wa FBI. Mwenye green card, yani kibali cha ukaazi wa kudumu, ananunua. Wewe wa viza ya masomo au matembezi sheria inakukataza, isipokuwa mambo machache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda, kwahiyo uliza mwanasheria sio mimi. Na mshkaji akikwambia shika hela hii nisainie wewe ile ni yangu, kataa, fomu inauliza kabisa kama mnunuzi halisi ni wewe na kudanganya pale ni jela. Na wale wa DM za kuituma Dar au Mombasa, nimewablok wawili, wa tatu jipange.

Bei ya risasi, Magnum nanunua kwa dola moja na senti kila moja, ukijitengenezea mwenyewe inashuka, na maganda hayarukirukii kwenye nyasi, yanabaki kwenye silinda unayamwaga mkononi. Yakiwa ya moto lakini, angalieni hapa kidole changu.

Haya, nimebaki na Magnum tano. Ile sahani ya chuma pale nyuma ni mita 45, nimeipaka rangi nyeupe asubuhi. Navaa za masikio, na wewe mwenye hedifoni punguza sauti. Navuta nyundo taratibu... kama mnaona nafumba macho andikeni ni ya ngapi.