Soul na roki ya gereji: santuri za 45 za kuanzia

Madukani, santuri za 45, yaani ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, hupangwa hivi: soul, muziki wa hisia wa Wamarekani Weusi, rafu yake, na roki ya gereji, roki mbichi ya bendi za vijana wa miaka ya 1960, rafu yake. Mnunuzi mgeni akiufuata mpangilio huo anajinyima nusu ya utamu, maana muziki huu ni ndugu wa tumbo moja. Ushahidi ni mtunzi mmoja, Ed Cobb. Mwaka 1965 Gloria Jones alitoa "Tainted Love", wimbo wa soul aliotunga Cobb, kwenye lebo (kampuni ya santuri) ya Champion, na kabla ya mwaka kwisha The Standells, bendi ya gereji, wakatoa "Dirty Water", ya Cobb pia, kwenye lebo ya Tower. Zinunue zote mbili, uzipige moja baada ya nyingine.

"Tainted Love" ilikuwa upande wa B, nyuma ya "My Bad Boy's Comin' Home", na ilipotoka haikuuza. Ilifufuliwa miaka ya 1970 na vijana wa kaskazini mwa Uingereza, waliokuwa wakikesha kumbini wakicheza soul ya Marekani iliyokwisha kusahaulika. Wengi wanaijua kwa Soft Cell, walioifikisha namba moja Uingereza mwaka 1981, lakini ile ni ya mashine na imepunguzwa mwendo. Ya Gloria inakimbia: ngoma hazipumui, tarumbeta zinamjibu, naye hamwombi mtu msamaha. Angalia lebo kabla ya kulipa. Mwimbaji huyohuyo aliirekodi upya mwaka 1976, na hiyo siyo unayoitaka.

"Dirty Water" ni gitaa lenye noti chache zinazorudiwa hadi zikae kichwani, na mpiga ngoma, Dick Dodd, ndiye mwimbaji. Bendi ilitoka Los Angeles lakini wimbo unausifu mji wa Boston na mto wake mchafu, na mpaka leo hupigwa uwanjani Fenway Park timu ya besiboli ya Red Sox ikishinda. Ilifika namba 11 Marekani mwaka 1966, kwa hiyo nakala ni nyingi. Usikubali iliyochakaa.

Upande wa soul peke yake, anza na "Green Onions" ya Booker T. & the M.G.'s, 1962. Hakuna anayeimba. Booker T. Jones alikuwa na miaka 17, anapiga kinanda cha Hammond kwa utulivu wa mtu mzima, mpaka gitaa la Steve Cropper linapoingia kwa kukata, noti chache kali, kisha kimya. Sikiliza jinsi mpiga ngoma Al Jackson Jr. asivyoongeza pigo hata moja lisilo na kazi. Ilitoka kwanza kama upande wa B kwenye Volt 102 (lebo ya Volt, santuri namba 102), watu wakaipenda kuliko upande wa A, ikahamishiwa Stax 127 ikiwa mbele. Muziki ni uleule. Mkusanyaji atalipia zaidi Volt. Msikilizaji achukue Stax iliyo safi.

Wa pili ni James Carr, "The Dark End of the Street", Goldwax 317. Dan Penn na Chips Moman waliandika habari ya wapenzi wawili wanaokutana kwa siri, na walioirudia baadaye ni wengi mno. Hakuna aliyemfikia Carr. Wengine huupigia kelele wimbo huu. Yeye anaanza chini, na hofu ya kukamatwa unaisikia katika pumzi. Huu si wa kucheza. Tena kwa kuwa ni wa polepole na una nafasi nyingi tupu, kila mkwaruzo utausikia: hapa lipa zaidi upate nakala nzuri, au usubiri.

Sasa gereji zenyewe. "Louie Louie" ya The Kingsmen, iliyorekodiwa Portland, Oregon, mwaka 1963, ilitungwa na Richard Berry, mwimbaji Mweusi wa R&B aliyeitoa mwaka 1957. Jack Ely wa The Kingsmen aliimba maneno yasiyoshikika hata FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakayachunguza wakitafuta matusi, wasiambulie kitu. Baada ya solo ya gitaa, Ely anaingia mapema, ananyamaza, ngoma zinaziba pengo, anaanza tena. Kosa likaachwa, na wimbo umependeza zaidi kwa hilo. Toleo la kwanza ni Jerden 712, adimu. Wand 143 ni nyingi na bei yake ni ya kawaida. Ukiona Wand imeandikwa jina la Jack Ely kama mwimbaji, ujue ni chapa ya baadaye.

Kisha "The Witch" ya The Sonics wa Tacoma, Etiquette, 1964. Saksafoni na gitaa vinapiga mstari mmoja kwa pamoja, na Gerry Roslie anapasua koo. Tafuta chapa yenye "Psycho" nyuma, si ile ya mwanzo yenye "Keep A-Knockin'": unapata nyimbo mbili kali kwa bei ya santuri moja.

Kinachowaangusha wanunuzi wengi ni malighafi. Singo nyingi za Marekani za miaka hiyo hazikuchapwa kwa vinili, plastiki ya kawaida ya santuri, bali kwa stirini, plastiki ngumu na nyepesi. Igonge kidogo kwa ukucha: stirini hulia kwa ukali, vinili hutoa sauti nzito. Tazama na lebo, ambayo kwenye stirini hugundishwa juu, wakati kwenye vinili hushindiliwa pamoja na santuri. Stirini haivumilii sindano iliyolika. Mifereji inamopita sindano husagika, santuri inabaki kung'aa, na ukiipiga inakwaruza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usiamini picha, omba kuisikia. Nakala za redioni zenye lebo nyeupe ndizo za kuhofia zaidi, kwa sababu watangazaji walikuwa wakizizungusha mbele na nyuma kutafuta mwanzo wa wimbo, na sekunde za kwanza zikaungua.

Nyumbani, tumia sindano ya ncha ya mviringo, na kama amplifaya ina swichi ya mono (sauti ya njia moja, si mbili), iwashe: nyimbo hizi ni za mono, na sehemu ya kelele za vumbi itazimika. Tundu la katikati la chapa za Marekani lina milimita 38, basi uwe na adapta. Safisha kwa maji yaliyokenekwa (distilled water) na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, ukifuata mifereji. Lebo isilowe. Spiriti usiitie kwenye stirini.

Na "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, 1965? Ni wimbo wa soul wa furaha tupu, lakini nakala za awali zilizobaki zinahesabika kwa vidole, na moja iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009. Lebo ya Tamla Motown waliichapa tena Uingereza mwaka 1979, namba TMG 1170. Chukua hiyo.