Ruta ya faiba au ya DSL: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kwenda Kariakoo au Luthuli Avenue, tazama ukutani, kwa sababu waya unaoingia ndani ndio unaoamua nusu ya ununuzi. Kijiwaya chembamba chenye kichwa cha plastiki cha kijani ni faiba. Waya wa simu ya mezani wenye kichwa kidogo cha RJ11 ni DSL, inayopita kwenye shaba ileile ya zamani. Waya mnene wa koaksi, kama ule wa antena ya televisheni, ni mtandao wa kebo, na modemu zinazotajwa humu hazitaufaa. Ruta ya kuweka kadi ya simu (SIM) ni jambo jingine kabisa. Haitapokea faiba wala DSL, labda iwe na poti ya WAN, yaani tundu la kuingizia intaneti, ya kuunganishwa na kifaa kingine.

Kifaa kinachopokea DSL huitwa modemu. Cha faiba ni ONT, ingawa mafundi wengi husema ONU. Vyote viwili vinapokea ishara kutoka kwa mtoa huduma na kuigeuza iweze kupita kwenye kebo ya mtandao. Kugawa hiyo intaneti kwa simu, runinga na kompyuta ni kazi ya ruta. Siku hizi vyote hukaa ndani ya boksi moja, na hapo ndipo hela zinapopotea: mtu ananunua boksi zima jipya kumbe kilichokuwa kinamsumbua ni Wi-Fi tu.

Msimamo wetu ni huu: mwenye faiba aiache ONT aliyofungiwa na anunue ruta. Boksi la modemu na ruta kwa pamoja linamfaa zaidi mwenye DSL. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio moja. Kwa kebo ya mtandao, chomeka kompyuta yenye poti ya gigabiti (ya Mbps 1,000) kwenye LAN1, tundu la kwanza la kutolea intaneti, ya boksi ulilonalo, zima Wi-Fi ya kompyuta, pima kasi mara tatu kwa saa tofauti. Kebo ikikupa kasi uliyolipia na Wi-Fi haikupi, ruta mpya itakusaidia. Kebo nayo ikiwa dhaifu, hakuna ruta duniani itakayoponya hilo. Piga simu kwa mtoa huduma.

Chaguo la kwanza: ONT ya mtoa huduma na ruta yako ya gigabiti

Kwa kifurushi cha Mbps 20 hadi 300 na nyumba ya vyumba viwili au vitatu, hili linashinda mengine yote. ONT inabaki mali na jukumu la mtoa huduma. Ikiungua, anabadilisha yeye. Ruta ni yako, unahama nayo hata ukibadilisha kampuni.

Tafuta vitu viwili: bendi mbili, yaani masafa ya 2.4 na 5 GHz, na poti za gigabiti. TP-Link Archer C6 na Tenda AC10 zina vyote viwili na ni za daraja la AC1200. Ukiweza kuongeza kidogo, chukua ya Wi-Fi 6, kizazi kilichofuata baada ya hicho cha AC. Archer AX10 inatosha wengi, ila fahamu kwamba Wi-Fi 6 yake iko kwenye 5 GHz peke yake. Bendi ya 2.4 imebaki ya kizazi cha zamani. Archer AX23 ina Wi-Fi 6 pande zote mbili, na nyumba yenye vifaa kumi na tano na kuendelea itaiona tofauti hiyo.

Hapa soma maandishi ya boksi polepole. Archer C50 na C54 zina antena nne na zimeandikwa AC1200, sawasawa na C6. Ukiziweka pamoja kaunta moja, macho hayatatenganisha. Geuza boksi usome mstari wa poti: C6 imeandikwa Gigabit, C50 na C54 zimeandikwa 10/100 Mbps. Poti ya 100 hupitisha kama Mbps 94 tu, hata ulipie 200. Hiyo 1200 nayo ni jumla ya 300 za bendi ya 2.4 na 867 za bendi ya 5, imekuzwa kidogo ili isomeke vizuri, na hakuna simu itakayoipata. Kwa kifurushi cha Mbps 20 au 40, C50 haitakupunja chochote. Kwa 100 na zaidi, iache.

Kuunganisha si kazi ya kuita fundi. Toa kebo LAN1 ya ONT, ingiza WAN ya ruta. Hakikisha anwani za ndani hazigongani: ONT ikiwa 192.168.1.1 na ruta nayo 192.168.1.1, badilisha ya ruta iwe 192.168.0.1, la sivyo intaneti itakatika bila sababu inayoonekana. Kisha zima Wi-Fi ya ONT, isije simu zikang'ang'ania ile dhaifu. Mpangilio huu huweka ruta mbili zinazofuatana. Kutazama video, WhatsApp na mikutano ya mtandaoni havidhuriki. Michezo ya mtandaoni na kamera za ulinzi unazozifungulia mwenyewe njia ya kufikiwa kutoka nje ndizo zinazolalamika. Dawa ni kumwomba mtoa huduma aiweke ONT katika hali ya daraja (bridge), yaani ipitishe intaneti tu bila kufanya kazi ya ruta, kisha jina la mtumiaji na nywila za PPPoE, za kuingilia kwenye mtandao wake, uziingize kwenye ruta yako. Uliza mapema kama laini yako ya simu ya nyumbani inapita kwenye ONT hiyo, maana mabadiliko yakifanywa vibaya simu inaweza kunyamaza.

Kebo ya kuunganisha isidharauliwe. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e. Jozi moja ikikatika au kichwa kikibanwa vibaya, vifaa hushuka kimyakimya hadi 100, na lawama zote zinaiangukia ruta.

La pili: boksi la mtoa huduma peke yake

Kama unaishi chumba na sebule, huenda huhitaji kununua kitu. Geuza boksi usome modeli. Huawei EG8145V5 na ZTE F670L zina bendi mbili, na zikikaa mahali pazuri zinatosha. Huawei HG8546M ina bendi ya 2.4 tu, poti moja ya gigabiti na tatu za 100. Ukiwa nayo kwenye kifurushi cha 100 omba wakubadilishie, na uombe kwa kutaja jina la modeli unayotaka.

"Mahali pazuri" maana yake ni katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kifua, si nyuma ya runinga wala ndani ya kabati la chuma. Tofali za saruji hula 5 GHz vibaya sana. Kuta mbili tu na kasi imeshuka sana. Kwenye majengo ya fleti yenye Wi-Fi kila mlango, bendi ya 2.4 ndiyo inayosongamana: weka upana wa 20 MHz na uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache.

La tatu: nyumba ya ghorofa au yenye uwanja mpana

Sakafu ya zege yenye nondo haipitishi Wi-Fi kwa hiari, na kununua ruta yenye antena nane hakutaibadilisha zege. Vuta kebo ya Cat5e hadi juu, ufunge kituo cha pili cha Wi-Fi pale. Ndiyo suluhisho bora, na gharama yake kubwa ni jasho la kuvuta waya. Ikishindikana, nunua ruta za meshi, yaani vifaa kadhaa vinavyoshirikiana kutoa Wi-Fi moja. Hapa tena kuna mapacha wanaochanganya: TP-Link Deco M4 ina poti za gigabiti, Deco E4 ina za 100. Kila kifaa kikae pale ambapo bado kinapata ishara nzuri kutoka kwa mwenzake. Ukikiweka kwenye chumba chenye Wi-Fi mbaya, kitagawa ubaya huohuo. Virudishi vya bei rahisi vya kuchomeka ukutani tunaviweka chini kabisa, kwa sababu vingi hupokea na kutuma kwa bendi ileile na kukata kasi karibu nusu.

La nne: boksi la DSL

Kwa aliye kwenye shaba, boksi la pamoja ndilo jibu: kifaa kimoja, adapta moja, na modemu inayojua hali ya laini. Nunua lenye VDSL2, DSL ya kasi zaidi, hata kama leo una ADSL ya zamani, kwa kuwa mengi ya VDSL2 hupokea ADSL2+ pia. TP-Link TD-W9960 inatosha nyumba ndogo. Archer VR300 inaongeza bendi ya 5 GHz. Chagua lenye poti inayoweza kugeuzwa kuwa WAN, ili faiba ikifika mtaani boksi libaki na kazi.

Usitarajie miujiza. ADSL2+ hufika Mbps 24 kwa aliye karibu sana na kituo cha simu, na hupungua kadiri waya unavyorefuka. Kilomita nne au tano ni kujikokota. Fungua ukurasa wa modemu usome SNR Margin, yaani kiasi ambacho ishara inazidi kile kinachohitajika kushinda kelele. Kikiwa chini ya dB 6, laini itakuwa inakatikakatika, hasa mvua ikinyesha na maji yakaingia kwenye maungio. Funga spilita, kifaa cha kutenganisha sauti ya simu na intaneti, kwenye kila tundu lenye simu ya mezani, na modemu ichomekwe kwenye tundu la kwanza kabisa la nyumba. Namba za laini ziitwazo VPI na VCI, pamoja na nywila, ziandike kabla hujabonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Walioko Ulaya wana hali tofauti kidogo. Ujerumani sheria imempa mteja haki ya kuchagua kifaa chake tangu tarehe 1 Agosti 2016, na laini za VDSL za Mbps 250 zinahitaji boksi lenye wasifu wa VDSL2 uitwao 35b. Lenye 17a peke yake halitafika huko.

La tano: kununua ONT yako mwenyewe

Wengi wanadhani hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu boksi ni moja na linaonekana kamili. Tunaliweka nyuma kwa sababu nzito. ONT haifanyi kazi mpaka mtoa huduma asajili namba yake kwenye mtambo wake. Geuza boksi utaona namba ya aina hii: za Huawei huanza na HWTC, au 48575443 ikiandikwa kwa herufi na tarakimu 16, za ZTE huanza na ZTEG. Asiposajili, unabaki na taa ya PON, ile ya faiba, inayopepesa milele.

Pata jibu kwa maandishi kwanza: mtanisajilia ONT yangu? Mtandao wenu ni GPON au EPON, aina mbili za mtandao wa faiba? Vifaa vya aina hizo mbili vinafanana kwa umbo na kichwa, lakini havielewani. Kilichoandikwa XPON hupokea vyote. ONT zilizotumika, zinazouzwa rahisi mitaani, ziepuke: nyingine bado ni mali ya kampuni, na programu yake ya ndani imefungwa kwa kampuni hiyo.

Ukifunga mwenyewe, kichwa cha kijani kiingie kwenye tundu la kijani. Cha kijani kimesagwa kwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina mshazari huo. Ukivikutanisha panabaki upenyo wa hewa, na mwanga unapotea. Usomaji mzuri wa nguvu ya mwanga kwenye ONT ni kati ya dBm -15 na -25. Ukifika -27, kukatika kumekaribia, na kila dB 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga. Waya usikunjwe kwa duara lenye upana chini ya sentimita 6. Taa nyekundu ya LOS ikipepesa, mwanga haufiki kabisa: tazama kwanza kama mlango au mguu wa kochi umebana waya.

Ruta za bendi moja zilizoandikwa N300, kama TL-WR840N, hatukuzipa nafasi. Kwa faiba ya leo zimepitwa, ila kwa kifurushi cha Mbps 10 kwenye duka dogo bado zitafanya kazi.

Umeme

Umeme ukikatika, faiba huendelea kuwa na mwanga mara nyingi, kinachozima ni boksi lako. Weka akiba ya hela kwa UPS ndogo ya DC, yaani betri ya kuwasha boksi umeme ukikatika. Soma volti kwenye adapta ya kila kifaa: nyingi ni 12 V, lakini zipo za 9 V na za 5 V, na kuchomeka 12 V kwenye kifaa cha 9 V kunaweza kukiua. Betri iliyoandikwa 10,400 mAh hupimwa kwa 3.7 V, kwa hiyo ina kama Wh 38, si zaidi. Baada ya upotevu zinabaki 33 hivi. ONT na ruta zikila wati 12 kwa pamoja, utapata saa mbili na robo tatu hivi. Boksi moja lenye kula wati 7 litakaa zaidi ya saa nne, na hiyo ndiyo faida ya kweli ya boksi la pamoja.

Dukani, mwambie muuzaji awashe kifaa kwa adapta yake halisi mbele yako, kisha uhesabu vilivyomo: ruta, adapta, kebo fupi, kadi ya nywila. Toleo la vifaa, V2, V3 na kadhalika, liko kwenye kibandiko cha chini. Hakikisha linalingana na lililoandikwa kwenye boksi, na liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kifaa.